Mguu wa Kulia wa Mzee Chapchap

Ukimkaribisha Mzee Chapchap kwako ukampa kiti, utaona mambo mawili. La kwanza, hatakaa. Atakaa ndiyo, lakini pembeni kabisa mwa kiti, kama mtu aliyeacha sufuria motoni. La pili ni mguu wake wa kulia. Uwe ndani ya kiatu au ndala, chini ya meza ya chakula au msibani mbele ya jeneza, mguu huo hubonyeza sakafu: tap, tap, taaap. Mara mbili za haraka na ya tatu ya kukandamiza. Kisha unapumzika kidogo na kuanza upya.

Mama watoto alishahamishia kikombe chake cha chai upande wa pili wa meza miaka mingi iliyopita, na kitandani alilaza mto katikati ili kuokoa miundi yake. Watu wote walisema ni haraka zake tu. Hata jina la Chapchap alipewa na wenye maduka aliowapelekea mikate, maana alishusha kreti huku injini inaunguruma, akauliza hali na kujijibu mwenyewe: "Habari za hapa nzuri, eeh? Haya, kesho!" Kabla hujafungua mdomo, alishakata kona. Kiguu na njia namna ile sijapata kuona. Alikuwa amebeba mikate ya bekari moja kwa miaka ishirini na sita, na kumi na saba kati ya hiyo ni kwa kigari kilekile cheupe ambacho siku hizi weupe wake ulikuwa wa kuhadithiwa.

Mguu ule ulijifunza wapi mchezo wake? Hakuna aliyeuliza, na mwenye mguu ndiye wa mwisho ambaye angeuliza.

Mwaka huu jicho lake la kulia liliingia ukungu. Taa za magari zikaanza kuota manyoya. Daktari akamwambia ni mtoto wa jicho, akampangia kumfanyia upasuaji siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi. "Utalala chali nusu saa," daktari alisema. "Utakuwa macho, hutasikia maumivu. Lakini hutatikisika, mzee. Hata kidole cha mguu." Mzee Chapchap alijibu ndiyo, ndiyo, bila shaka. Nusu saa nzima! Marehemu mama yake alikuwa akisema kwamba hata kuzaliwa, huyu alizaliwa mkunga akiwa bado ananawa mikono.

Baada ya upasuaji, asingeruhusiwa kushika usukani kwa wiki nne. Mikate nayo haiwezi kungoja jicho la mtu. Mwenye bekari, mama mmoja wa miwani na maneno machache, alimwambia wazi: akileta dereva wa kumshikia njia yake ya kusambaza mikate, njia itabaki yake; asipoleta, atapewa mtu mwingine, na akishapewa, kapewa. Hapo ndipo lilipokatwa shauri nyumbani kwamba njia ataishika Kitinda. Huyu ni bintiye, mtoto wa mwisho kati ya wanne, kitindamimba, na jina likamganda. Alikuwa na leseni ya miaka mitatu na akiendesha gari la duka la rangi. Kwa ajili ya baba yake aliacha kazi ile, akarudisha funguo za watu.

Jumanne ikawa siku ya Kitinda kuonyesha uwezo wake. Uani mwa bekari walisimama watu kumi na wanne: wakandaji, wachomaji, wapakiaji, na mwenye bekari mwenyewe mlangoni. Kitinda aliingia getini na kigari kwa mwendo wa kistaarabu, akakanyaga breki. Kigari hakikusimama. Kilisonga mbele taratibu, bila haraka wala aibu, kikaenda kusukuma mlundo wa kreti tupu, nazo zikaporomoka uwanja mzima. Hakuna aliyeumia. Kitinda alishuka uso umemsawijika.

"Baba, breki hazishiki. Pedali imezama mpaka chini."

Mtu mwenye akili zake angeinama akaangalia. Mzee Chapchap hakuinama. Aibu ilikuwa imempanda kichwani mbele ya watu aliowazoea robo karne.

"Breki ni nzima," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye tanuri. "Mbovu ni dereva."

Watu wakacheka. Akapanda mwenyewe, akarudisha kigari hadi getini, akaja nacho kasi, na kukisimamisha kiganja kimoja tu kutoka ukutani. Watu wakapiga makofi. Na kwa kuwa makofi yana ulevi wake, aliposhuka akaongeza neno ambalo hakuna aliyemwomba: "Nilijua tangu mwanzo. Huyu angebaki tu na rangi zake."

Kitinda aliweka ufunguo juu ya kreti, akatoka getini. Hakubamiza kitu, hakulia, hakujibu. Angejibu, baba yake angelala usiku ule. Kwa kuwa hakujibu, mzee aligaagaa mpaka mto wa katikati ukaanguka.

Asubuhi ya Jumatano, mama watoto hakugomba. Alimimina chai akaketi.

"Mtoto hajala tangu jana," akasema.

"Nimfanyeje? Gari nimelisimamisha mwenyewe, watu wameona."

"Lipeleke kwa fundi. Fundi akisema breki ni nzima, nitamwambia mtoto akuombe radhi. Akisema ni mbovu..." Hakumalizia. Alivuta kikombe chake karibu. "Na huo mguu wako unatikisa meza."

Basi Mzee Chapchap alikwenda gereji akiwa hana wasiwasi hata chembe. Alichokifuata ni neno la fundi tu, la kwenda nalo nyumbani na kumaliza ubishi.

Gereji yenyewe ilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya saruji iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi. Fundi alikuwa mtu mnene, mtaratibu, wa kukufanya utamani kumsukuma. Alisikiliza habari yote huku akifuta spana moja kwa kitambaa, ikang'aa, akaendelea kuifuta. Macho yake hayakuwa kwenye kigari. Yalikuwa kwenye mguu wa mzee, aliyekuwa ameketi juu ya tairi kuukuu.

"Mzee, huo mguu unauma?"

"Hauumi."

"Sasa unafanya nini?"

"Unafanya nini kivipi? Ni mguu tu. Angalia breki, fundi, mimi nina shughuli."

Fundi alipanda kwenye kigari, akawasha injini, akakanyaga pedali mara moja. Akashuka. "Panda wewe," akasema. "Bonyeza breki mara moja, ushikilie."

Mzee alipanda, akabonyeza.

"Nimesema mara moja."

"Ndiyo hiyo mara moja."

"Umebonyeza mara tatu, mzee."

"Mara moja!"

"Nimehesabu. Tatu."

Walibishana hivyo kama watoto wa gololi. Mwishowe fundi alipiga goti kwenye mlango ulio wazi, akamshika mzee kifundo cha mguu kwa mkono wake mzito, akakibana ili kikishuka kisipande tena. "Sasa bonyeza."

Pedali ilishuka. Ikashuka. Ikaendelea kushuka bila kukutana na kitu, mithili ya mtu akanyagaye gizani ngazi ambayo haipo, mpaka ikakaribia kugusa zulia.

"Nyuma, breki zimelika," fundi akasema, bado ameshika kifundo. "Vile vipande vya ndani viko mbali na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Ukibonyeza mara ya kwanza vinasogea, ya pili vinakaribia, ya tatu ndiyo vinashika. Zilikuwa zikilika kidogo kidogo, na mguu wako ukawa unajifunza kidogo kidogo. Wewe mwenyewe hukuwa na habari."

"Tangu lini?"

"Hilo uulize mguu."

Mzee aliukumbuka mto wa kitandani, kikombe kilichohamishwa, jeneza. Lakini bado alikuwa na pa kujishikiza. "Sawa, nyuma. Lakini mbele nimetazama kwa macho yangu! Juzi tu, kwa tochi, kupitia matundu ya rimu. Pedi za breki ni nene hivi." Akaonyesha kidole gumba.

"Na mafuta ya breki?"

"Yalipungua, nikaongeza. Mara mbili."

Fundi alifumba macho kidogo. "Hayakuvuja mahali, mzee. Pedi zikilika, pistoni inatoka kuzifuata, na mafuta yanakwenda kujaza nafasi nyuma yake. Ndiyo maana yakashuka. Gari lilikuwa linakuambia neno, wewe ukaliziba mdomo."

Halafu akaanza kazi, kwa mwendo wake ule wa kuua watu. Aliweka magogo nyuma ya magurudumu. Alilegeza nati kabla ya kuinua. Aliinua kwa jeki, na bado hakuiamini jeki, akaegemeza kigari juu ya vigingi vya chuma. Mzee wakati huo alikuwa amezunguka banda mara sita. Gurudumu la mbele lilipotoka, fundi alifungua kalipa, ile koleo kubwa inayobana diski, sahani ya chuma izungukayo na gurudumu, kwa pedi mbili, moja nje na moja ndani. Ya nje ilikuwa nene kama mzee alivyoapa. Kisha akachokoa ya ndani kwa bisibisi na kuiweka kiganjani mwake.

Haikuwa pedi tena. Kilikuwa kipande cha chuma kitupu, kinang'aa, ukingo wake umechongeka mpaka ukaweza kumenya kiazi. Pini zilizopaswa kuitelezesha ile koleo zilikuwa zimekauka kwa kutu, kwa hiyo upande mmoja ulifanya kazi yote miaka na miaka.

"Hii ndiyo iliyokuwa ikikusimamisha," fundi akasema. "Ile uliyoimulika kwa tochi ilikuwa mtazamaji tu."

Nyuma mambo yalikuwa vilevile au mabaya zaidi. Dramu iligoma kutoka mpaka ikagongwa nyundo pande zote kwa subira. Fundi hakupuliza vumbi lake. Alilifuta kwa kitambaa kibichi, akasema vumbi la breki ni adui wa mapafu. Ndani, vile vipande vilivyopinda, ambavyo mafundi huviita viatu, vilikuwa vimebaki na unene wa kadi, na kirekebishio cha kuvisogeza kilikuwa kimeshikamana kwa kutu.

Kitinda alikuwa amesema kweli. Neno hilo Mzee Chapchap hakuwa na pa kulikwepea. Na nyuma yake likaja lingine baya kuliko hilo. Kila siku saa mbili na robo kigari hushuka ule mteremko wa shule kupeleka mikate ya kantini, na saa hiyo ndiyo watoto waliochelewa huvuka wakikimbia, mabegi yakiwaruka mgongoni. Kama zile kreti zisingeporomoka Jumanne, Kitinda angeushuka mteremko ule kesho kwa mguu wa mtu wa kawaida, unaobonyeza mara moja na kutegemea kusimama. Mzee aliketi juu ya tairi, safari hii kwa makalio yote mawili. Mguu ukaanza. Akalishika goti kwa mikono yake, ukaendelea chini ya mikono.

Vipuri vilipatikana duka la ng'ambo ya barabara: pedi na diski za mbele, viatu na springi za nyuma, pande zote mbili, maana fundi alisema gari halivai kiatu kipya mguu mmoja. Nyuma alifungua upande mmoja kwanza na kuuacha mwingine mzima, autazame kila akisahau springi ipi inakaa wapi. Kabla ya kuzirudisha pistoni ndani, alifyonza mafuta kwenye kopo lake kwa bomba la sindano. "Yale uliyoongeza," akaeleza, "yangefurika humu yakala rangi yote." Pini akazipiga msasa na kuzipaka grisi. Mzee naye alisaidia kwa namna yake: alimpa spana ambazo hazikutakiwa, na alifagia banda mara mbili.

Saa tisa ikabaki kazi moja, ya kutoa upepo kwenye mabomba. Kazi hiyo hutaka watu wawili, na mwenzake fundi alikuwa amekwenda kuuguza. Fundi alilala chini karibu na gurudumu na mpira mwembamba ulioingia kwenye chupa.

"Nikisema bonyeza, bonyeza," akaelekeza. "Nikisema shika, shika pedali hapohapo chini. Mimi nafungua, upepo unatoka, nafunga. Mpaka niseme achia. Ukiachia kabla sijafunga, upepo unarudi ndani na tunaanza upya. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, tumeelewana."

"Bonyeza."

Tap, tap, taaap.

"Shika... shika... Mzee! Umeachia."

"Sijaachia."

"Chupa imechemka mapovu. Umeachia."

Walijaribu mara nne. Mara ya nne mzee alijiuma midomo na kutazama dari, na mguu ukapanda wenyewe kama mtoto anayetaka kuchungulia. Fundi alitoka uvunguni, akajifuta uso.

"Mzee, mimi na wewe hatuna ugomvi. Lakini huo mguu siutaki. Niletee mtu yeyote anayejua kutulia."

Mzee Chapchap alimjua mmoja tu. Alipokuwa na miaka mitano, Kitinda alikanyaga mwiba ukazama wote. Kaka zake walikuwa wakichomwa hata na kibanzi nyumba nzima inajua. Yeye alimwekea baba yake unyayo mapajani na kusema "toa", na hakuutikisa mpaka mwiba ukatoka.

Alikwenda nyumbani kwa miguu, nusu akitembea nusu akikimbia. Kitinda alikuwa sebuleni anapiga pasi ovaroli ya duka la rangi. Mzee aliiona akaelewa: kesho asubuhi mtoto alikuwa anakwenda kuwapigia magoti watu aliowaaga wiki iliyopita.

"Fundi anataka mtu wa kubonyeza breki," akasema akiwa mlangoni.

"Si mimi dereva mbovu?"

"Anataka mtu anayetulia."

"Kwani breki zina nini?"

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. Maneno yalikuwa matatu tu, na hayakutoka. "Twende utaona."

Kitinda alimtazama mama yake. Mama watoto alisogea, akaichukua pasi mkononi mwake. "Nenda, mwanangu," akasema. "Si kwa ajili yake."

Gereji, vipuri vya zamani vilikuwa vimepangwa juu ya mfuniko wa debe. Mzee aliokota kile chuma kilichokuwa pedi, akampa.

"Ulisema kweli," akasema, kwa sauti ndogo ya mtu anayeongea na mfuko wa shati.

Kitinda alikigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo. "Jana uliniambia mbele ya watu kumi na wanne, baba. Hapa tupo watatu, na fundi yuko chini ya gari."

"Mimi sisikii kitu," fundi akasema kutoka uvunguni.

Binti alipanda, akaweka mguu kwenye pedali.

"Bonyeza. Shika... shika bado... Achia."

Hakuna povu lililorudi. Gurudumu hadi gurudumu, kuanzia lile la mbali nyuma, "bonyeza" na "shika" na "achia", mguu wake ukashuka na kukaa na kupanda kwa amri kama wa askari. Mzee alisimama pembeni mikono nyuma, akimwangalia mtoto wake akitulia, na akaona wivu. Ndiyo, wivu, nisimfiche. Alitamani mguu ule uwe wake kesho saa mbili.

Kazi ilipokwisha alitaka kuendesha yeye kwanza. Fundi alisema twende polepole hapa uani, pedi mpya hazijazoeana na diski. Mzee alivuta mita kumi, akabonyeza. Mguu ulikuwa umejiandaa kwa mara tatu, lakini ya kwanza tu ilitosha. Kigari kiligoma palepale, kofia ikamruka, paji la uso likabusu kioo. Akajaribu tena, likabusu tena.

"Baba," Kitinda akasema dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne mdomo wake ulikuwa unakaribia kucheka. "Shuka."

Alishuka, akazunguka upande wa abiria. Binti aliondoa gari, akalizungusha mitaa miwili akibonyeza breki kwa upole, mara nyingi, kuzizoesha kama fundi alivyomwagiza. Kigari kilisimama kila alipotaka, bila kelele. Mzee alibonyeza sakafu njia nzima.

"Tupitie bekari," akasema ghafla.

Ilikuwa saa kumi na nusu, wakati zamu zote mbili zinakutana uani. Mzee Chapchap aliruka nje kabla kigari hakijatulia, akasimama mbele ya wakandaji na wachomaji, akasema kwa pumzi moja: "Breki-zilikuwa-mbovu-haya-kazi-njema." Akageuka kuondoka.

Kitinda alikuwa ameegemea mlango wa gari, mikono kifuani. Hakusogea. Hakukunja uso wala hakutabasamu. Alimngoja tu.

Mzee alirudi. Mguu wa kulia ulianza, akaukanyaga kwa wa kushoto. Wapakiaji wakadhani anataka kucheza. Akatoa kile chuma mfukoni, akakiinua.

"Jana mlinipigia makofi," akasema, na safari hii alisema taratibu, kila neno likimchoma likipita. "Hii ndiyo breki iliyokuwa ndani ya gari. Mimi nililisimamisha kwa sababu nimezoea kubonyeza mara tatu, na sikujua kuwa nimezoea. Huyu alibonyeza mara moja, kama inavyotakiwa, akagundua siku ya kwanza kitu ambacho mimi sijakigundua miaka. Nikamwita dereva mbovu." Akapumua. "Dereva mbovu nilikuwa mimi. Gari lile lingeshuka mteremko wa shule." Hapo akatazama chini.

Wakandaji wakasogea kukiona kile chuma.

"Kwa hiyo makofi yetu tunarudishiwa?" mchomaji mmoja akauliza, na watu wakacheka, ila si kama jana.

Mwenye bekari alikichukua kile chuma, akakitazama juu ya miwani na chini ya miwani. "Hiki ndicho kimebeba mikate yangu?"

"Ndicho, mama."

Akakirudisha kama mtu anayerudisha panya. Akamgeukia Kitinda. "Kesho saa kumi na moja alfajiri. Ukichelewa nakukata."

"Sichelewi."

Mzee alitoa ufunguo, akauweka kiganjani mwa bintiye. "Nisamehe, mwanangu."

Kitinda aliufumba mkono. "Haya, baba," akasema. Basi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mzee hakuthubutu kudai zaidi. Lakini usiku ule alikula, na alimwongezea baba yake mchuzi bila kuombwa. Ovaroli ya duka la rangi mama watoto aliikunja akaitia kabatini.

Alhamisi saa mbili na dakika tano Mzee Chapchap alikuwa amelala chali, uso umefunikwa kitambaa chenye tundu moja. Taa juu yake ilikuwa kubwa kama sinia. Jicho lilikuwa limekufa ganzi, lakini mguu ulikuwa hai kuliko siku zote.

"Tunaanza, mzee," daktari akasema. "Tulia."

Alihesabu kichwani. Duka la kona. Duka la mjane. Kituo cha mafuta. Alijua kila dakika kigari kilipo. Saa mbili na robo, na alijua ni saa mbili na robo bila kuona saa, Kitinda alikuwa juu ya ule mteremko. Mguu uliinuka kidole kimoja kutoka kitandani. Ulitaka kwenda kumsaidia. Ulikuwa umekishusha kigari mteremko ule miaka yote na haukuona ni nani mwingine angeweza.

"Mzee," daktari akasema taratibu. "Mguu."

Mzee alisikia sauti ya fundi kutoka uvunguni: bonyeza. Akaukandamiza mguu ule kwenye godoro, mara moja. Shika. Pedi ni mpya. Shika bado. Anabonyeza mara moja na linasimama, watoto wanavuka, mabegi yanaruka. Machozi yalijaa kwenye jicho la pili, lile lililofunikwa, na hakuyafuta, maana hakuruhusiwa. Mguu ulikaa chini. Dakika ikapita, ikaja nyingine, na nyingine, na ukakaa.

Baadaye sana, kitambaa kilipoondolewa, daktari aliona mzee bado amekaza goti, kisigino kimezama kwenye godoro, vidole vyeupe.

"Tumemaliza, mzee. Mbona umejikaza hivyo? Unaumwa?"

"Hapana, daktari," akasema Mzee Chapchap. "Nasubiri kuambiwa achia."